Maswali ya Wasomaji: Hii 4294967297 ni namba ya aina gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna namba inanisumbua sana, ni 4294967297. Nimeigawanya kwa namba tasa zote kuanzia 2 mpaka 97 na kila mara kuna baki, haigawanyiki hata kwa moja. Mwenzangu anasema basi hiyo ni tasa tumalize, mi nasita kukubali. Je ni tasa au sio? Na ukiachana na hilo, namba kama hii unaiweka kwenye makundi gani?

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kusita maana sio tasa, ni 641 × 6700417. Piga mwenyewe uone, 6700417 mara 600 ni 4020250200, mara 40 ni 268016680, mara 1 ni yenyewe, jumlisha zote tatu unafika 4294967297 bila kuzidi wala kupungua. Wewe uliishia 97 ambayo ni namba tasa ya 25, kumbe kigawo chenyewe cha kwanza ni 641 ambayo ni ya 116, kwa hiyo ulikuwa bado uko mwanzoni kabisa. Ukitaka kusema namba ni tasa kwa njia ya kugawanya tu lazima ugawanye mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili, na cha hii kinazidi 65536 kidogo sana, na chini ya 65536 kuna namba tasa 6542. Hiyo ndo kazi ambayo mwenzako ameiruka.

Sasa makundi. Ni witiri, inaishia na 7, na tarakimu zake kumi ukizijumlisha unapata 59 kwa hiyo 3 na 9 haziigawanyi. Kwa kuwa ni zao la namba tasa mbili tofauti ina vigawo vinne tu, yaani 1, 641, 6700417 na yenyewe. Ukiitoa yenyewe ukajumlisha vitatu vilivyobaki unapata 6701059. Wagiriki wa kale walizipanga namba kwa kuangalia hii jumla, kuna ambazo jumla ya vigawo inazidi namba yenyewe kama 12, kuna ambazo inalingana kama 6 na 28, na kuna ambazo inapungua, basi hii yetu iko kwenye kupungua na inapungua vibaya sana, jumla haifiki hata sehemu moja ya mia sita.

Ila kiukweli hayo yote hayakuambii kwanini watu wanaizungumzia hii namba mpaka leo, maana namba witiri zenye vigawo vinne ziko nyingi mno. Cha kuangalia ni imetengenezwaje. Hii ni 2^32 + 1 (naandika 2^32 nikimaanisha mbili thelathini na mbili zikizidishwa pamoja), na hiyo 32 nayo ni 2^5. Namba za umbo hilo, yaani 2 ikipewa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, halafu unaongeza 1, zinaitwa namba za Fermat. Ya kwanza ni 3, afu 5, afu 17, afu 257, afu 65537, afu ndo inakuja hii yetu ya sita.

Pierre de Fermat, Mfaransa ambaye kazi yake ilikuwa sheria na hisabati alikuwa akiifanya kwa mapenzi tu, aliziangalia hizo tano za mwanzo akaona zote ni tasa, na kwenye barua zake kuanzia 1640 akasema anaamini zote zitakuwa tasa bila mwisho, ingawa alikiri uthibitisho hana. Ikapita karibu karne nzima. Desemba 1729 mwanahisabati Christian Goldbach akamwandikia mwanahisabati mwenzake Leonhard Euler kumuuliza kama anaijua kauli hiyo ya Fermat, Euler akaishughulikia, na 1732 akatoa jibu kwamba ile ya sita tu tayari inagawanyika kwa 641. Namba moja ikaangusha kauli nzima. Na mpaka leo hakuna namba ya Fermat nyingine iliyopatikana ikawa tasa baada ya zile tano, yaani Fermat aliona tano za mwanzo na ndo hizohizo tunazozijua sisi.

SWALI: Mwalimu mi siamini kwamba Euler aligawanya kwa mkono kwa namba tasa mia na zaidi mpaka akagonga 641. Aliijuaje?

JIBU: Hakuigawanya kwa zote na hapa ndipo utamu wote ulipo, kwa hiyo nivumilie nitakaa hapa kidogo.

Chukua namba tasa yoyote inayogawanya 2^32 + 1, tuiite p. Ikiwa inaigawanya maana yake 2^32 ukiigawanya kwa p inabaki moja pungufu ya p, yaani ni kama inabaki −1. Ukizidisha 2^32 kwa yenyewe unapata 2^64, na −1 mara −1 ni 1, kwa hiyo 2^64 inabakiza 1. Sasa vipeo vya 2 ukivigawanya kwa p mabaki yake yanazunguka, yanafika 1 yanaanza upya, na hapa mzunguko una urefu wa 64 kamili kwa sababu ungekuwa mfupi zaidi ungelazimika kuigawanya 32 na pale kwenye 32 tungekuta 1 badala ya −1. Fermat mwenyewe ndo alituachia kanuni kwamba urefu wa mzunguko huo lazima uigawanye p − 1. Kwa hiyo p − 1 ni lazima iwe zao la 64 na kitu fulani, basi, p ni 64k + 1 na haiwezi kuwa kitu kingine.

Umeona kilichotokea? Badala ya kujaribu namba tasa zote unajaribu 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Humo toa ambazo sio tasa zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano umeshafika! Na mwaka 1878 Édouard Lucas akaonesha kwamba hata 64 ni ndogo, inatakiwa 128, kwa hiyo orodha inakuwa 129, 257, 385, 513, 641 na humo tasa ni 257 na 641 peke yake. Jaribio la pili.

Kanuni hiyohiyo inakupa na zawadi ya pili. Unajuaje kwamba 6700417 yenyewe ni tasa? Kipeuo chake cha pili ni kama 2588, ukienda kawaida una namba tasa zaidi ya 300 za kujaribu. Lakini kigawo chochote cha 6700417 ni kigawo cha namba yetu kubwa pia, kwa hiyo nacho lazima kiwe 128k + 1, na namba tasa za umbo hilo zisizozidi 2588 ni tano: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Nimezigawanya zote, mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622 kwa mpangilio huo. Hakuna sifuri, kwa hiyo ni tasa, na kazi yote inaisha kwenye kipande kimoja cha karatasi.

Halafu kuna uthibitisho mfupi wa hiyo 641 ambao mi naupenda kuliko wote, hauhitaji hata kuiandika ile namba kubwa. Angalia, 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2^7. Pia 641 ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4. Sasa chukua hiyo ya kwanza, ukiwa na x yoyote basi x + 1 inaigawanya x^4 − 1, weka x iwe 640 unapata kwamba 641 inaigawanya 5^4 × 2^28 − 1. Chukua ya pili uizidishe kwa 2^28, unapata kwamba 641 inaigawanya 5^4 × 2^28 + 2^32. Kitu kinachogawanya namba mbili kinagawanya na tofauti yake, toa ya kwanza kwenye ya pili, ile 5^4 × 2^28 inajifuta yenyewe na kinachobaki ni 2^32 + 1. Imeisha. Uandike kwenye daftari mstari kwa mstari ndo utaona ulivyo mzuri, kuusoma tu hautoshi.

SWALI: Kuna mtu ameniambia hii namba ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, na kwamba hiyo peke yake inatosha kuonesha sio tasa. Ni kweli au ananichanganya?

JIBU: Ni kweli kabisa na mwambie amekupa kitu kizuri. Njia ya kwanza inaonekana kwa macho, 65536² + 1². Ya pili imejificha: 62264² + 20449². Hesabu, 62264² ni 3876805696 na 20449² ni 418161601, jumla ni ileile 4294967297.

Namba tasa yenye baki 1 ukiigawanya kwa 4 inaandikika kama jumla ya miraba miwili kwa njia moja tu, hilo Euler alilithibitisha, kwa hiyo ukishapata njia mbili basi sio tasa. Na sio tu unajua inagawanyika, unavipata na vigawo vyenyewe. Toa miraba kwa miraba: 65536² − 62264² ni sawa na 20449² − 1², na tofauti ya miraba unaijua inavyovunjika, kwa hiyo 3272 × 127800 = 20448 × 20450. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 3272 na 20448, ni 8. Cha 127800 na 20450, ni 50. Nusu zake ni 4 na 25. Sasa 4² + 25² ni 16 + 625, unapata 641.

Mi kila nikilipitia hili nafurahi upya, maana njia haina uhusiano wowote wa wazi na ile ya juu lakini inafika palepale, na hata 25² ni ileile 5^4 tuliyoiona na 4² ni ileile 2^4.

SWALI: Habari mwalimu, mi najifunza programu. Nimeandika programu izidishe 65536 kwa 65536 halafu iongeze 1, ikanipa jibu 1. Nikajaribu programu nyingine ya kupima namba tasa inayotumia jaribio la Fermat ikasema 4294967297 huenda ni tasa. Kompyuta yangu ina shida?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kompyuta haina shida, hayo ni maswali mawili yenye sababu mbili tofauti.

La kwanza, umetumia namba za biti 32 zisizo na alama ya hasi. Hizo zinaanza 0 mpaka 4294967295, jumla ziko 4294967296, ambayo ni 2^32 yenyewe. (Ndo maana hata anwani za intaneti za IPv4 idadi yake yote ni hiyohiyo, nazo ni za biti 32.) Ukifika mwisho inarudi sifuri kama mita ya kilometa kwenye gari ikishajaa tarakimu, kwa hiyo 65536 × 65536 inakuwa 0 na ukiongeza 1 unapata 1. Tumia namba za biti 64 utaona jibu sahihi.

La pili ni tamu zaidi. Jaribio la Fermat linasema hivi, kama p ni tasa na sio 2 basi 2^(p−1) ukiigawanya kwa p inabaki 1. Programu inapima hilo na ikikuta 1 inasema huenda ni tasa. Sasa kwa namba yetu p − 1 ni 2^32, na kwa hesabu ileile ya juu 2^64 ukiigawanya kwa namba yetu yenyewe inabakiza 1, na kwa kuwa 2^32 ukiigawanya kwa 64 haibakizi kitu basi 2^(p−1) nayo inabakiza 1. Imefaulu jaribio na huku sio tasa. Namba kama hizi zinaitwa tasa bandia kwa msingi wa 2, na namba zote za Fermat zinafaulu jaribio hili, kubwa kwa ndogo, tasa na zisizo tasa, kwa hiyo kwa msingi wa 2 jaribio halikwambii chochote kuhusu hizi namba. Badilisha msingi weka 3 uone, palepale inakamatwa. Na kwa namba za Fermat peke yake kuna jaribio la Pépin la mwaka 1877, nalo ni la msingi wa 3, unaangalia kama 3 kwa kipeo cha nusu ya p − 1 inabakiza −1, hilo halina huenda, likisema tasa ni tasa na likikataa imekataa.

SWALI: Nilisoma kwamba namba za Fermat zinahusiana na kuchora maumbo kwa rula na bikari. Namba hii inaingiaje hapo?

JIBU: Inaingia kwa jirani yake. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 sawa na pembe sawa linachorika kwa rula na bikari tu, kitu ambacho hakuna aliyekijua kwa miaka elfu mbili. Kwenye kitabu chake cha 1801 akaeleza kwamba idadi ya pande ikiwa ni zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti, na hata ukiizidisha na vipeo vya 2, umbo linachorika. Pierre Wantzel mwaka 1837 akathibitisha upande wa pili, kwamba nje ya hapo haiwezekani. Friedrich Richelot alitoa njia ya pande 257 mwaka 1832, na Johann Hermes alitumia kama miaka kumi kwenye ile ya pande 65537 akamaliza 1894, karatasi zake zimetunzwa Göttingen.

Sasa zidisha zile tasa tano zote, 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Unapata 4294967295, pungufu ya yetu kwa 2 tu! Hiyo ndo idadi kubwa kuliko zote ya pande za witiri tunayoijua inayochorika. Ya pande 4294967297 haichoriki kwa sababu vigawo vyake 641 na 6700417 sio namba za Fermat.

Na hiyo tofauti ya 2 sio bahati. Ukizidisha namba zote za Fermat kutoka mwanzo ukaongeza 2 unapata inayofuata, siku zote: 3 + 2 ni 5, 3 × 5 + 2 ni 17, 3 × 5 × 17 + 2 ni 257. Kwa hiyo kigawo cha shirika cha namba za Fermat mbili zozote kingelazimika kuigawanya 2, na zote ni witiri, basi hakipo zaidi ya 1. Kila namba ya Fermat inakuja na vigawo tasa vyake ambavyo haishei na nyingine, na kwa kuwa namba za Fermat haziishi, namba tasa nazo haziishi. Hilo Goldbach alimwandikia Euler mwaka 1730.

SWALI: Zinazofuata baada ya hii zikoje?

JIBU: Inayofuata ni 18446744073709551617, nayo sio tasa, Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80 akapata 274177 × 67280421310721. Ile ya 2^128 + 1 yenye tarakimu 39 ikasubiri kompyuta, Michael Morrison na John Brillhart waliivunja 1970. Kuanzia hii yetu yenye kipeo 2^5 mpaka ile yenye kipeo 2^32, zote zimeshathibitishwa kuwa sio tasa, lakini kuna kitu cha ajabu humo ndani, ile ya kipeo 2^20 na ile ya kipeo 2^24 tunajua kwa uhakika kwamba zinagawanyika na hakuna hata kigawo kimoja kinachojulikana ukiacha 1 na yenyewe. Ya kwanza ambayo haijaamuliwa kabisa ni ya kipeo 2^33, ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, na jaribio la Pépin juu yake lingetaka kuzidisha namba za ukubwa huo zaidi ya mara bilioni 8, moja baada ya nyingine.